Joto la Udongo na Mwendo wa Nitrojeni: Kutoka Mchanga wa Kibiti hadi Tope la Delta ya Rufiji

Wakulima wa nyanda za Kibiti wanajua jambo moja ambalo hawakufundishwa darasani. Mahindi yaliyopandwa mara tu mvua zinapoanza huwa na rangi ya kijani iliyokolea. Yale yaliyopandwa majuma matatu baadaye, katika shamba lile lile na kwa mbegu ile ile, mara nyingi huwa ya manjano na dhaifu, hata kama mvua imeendelea kunyesha vizuri. Tofauti hiyo haitokani na bahati. Katika majuma hayo matatu kumetokea kazi kubwa ndani ya udongo, kazi inayofanywa na viumbe wasioonekana kwa macho, nayo inatawaliwa kwa sehemu kubwa na vitu viwili: maji na joto.

Makala haya yanaeleza jinsi joto linavyoendesha kazi hiyo katika sehemu tatu zilizo karibu karibu lakini zenye tabia tofauti: mchanga wa ardhi ya juu ya Kibiti, bonde la mafuriko la mto Rufiji, na tope la mikoko katika delta.

Nitrojeni na watumishi wake

Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni. Hata hivyo mhindi unaweza kufa kwa njaa ya nitrojeni huku umezungukwa nayo pande zote, kwa sababu chembe mbili za nitrojeni ya hewani zimeshikana kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Mizizi huweza kufyonza nitrojeni ikiwa tu imeyeyuka majini, hasa katika umbo la amonia au la nitrati. Wanaoiandaa chakula hicho ni vijidudu vya udongoni, na kila kundi lina kazi yake.

Kundi la kwanza hunasa nitrojeni ya hewani. Humo wamo bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya kunde, choroko na mbaazi. Kundi la pili ni waozeshaji, yaani bakteria na kuvu wanaovunja protini za majani makavu, mizizi iliyokufa na samadi, kisha wakatoa amonia. Kundi la tatu huichoma amonia kwa oksijeni na kuigeuza kwanza kuwa nitriti, kisha nitrati. Kundi la nne huishi pasipo oksijeni. Huvuta nitrati badala ya hewa, na kwa kufanya hivyo huirudisha nitrojeni angani ilikotoka.

Kwamba kazi ya kundi la tatu ni ya viumbe hai wala si ya kemia tupu ilithibitishwa mwaka 1877 na Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz. Walipitisha maji machafu katika bomba lililojaa mchanga, na baada ya siku kadhaa amonia ikatoka ikiwa nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu, ambayo huwalevya na kuwaua viumbe, kazi ilisimama. Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 1890, Mrusi Winogradsky alifanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe. Elimu hiyo bado inakua: mwaka 2005 iligunduliwa kwamba kazi ya kuchoma amonia hufanywa pia na kundi jingine la viumbe, liitwalo akea, ambalo si bakteria ingawa linafanana nao kwa umbo.

Kanuni ya nyuzi kumi

Kijidudu hakina damu ya moto. Joto la mwili wake ni joto la udongo uliomzunguka. Udongo unapopoa, vimeng'enya vyake huenda polepole. Unapopata moto, huenda haraka. Kwa kukadiria, ndani ya mipaka ambayo kiumbe anaivumilia, kasi ya kazi huongezeka karibu mara mbili kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi.

Chukuliwe mfano wa hesabu. Ikiwa waozeshaji katika udongo wenye nyuzi 20 hutoa vipimo 10 vya amonia kwa juma, katika nyuzi 25 watatoa kama 14, na katika nyuzi 30 watatoa 20, mradi unyevu na chakula vinatosha. Udongo ulio katika nyanda za juu na udongo wa pwani unaweza kuwa na mboji sawa, lakini kwa kuwa joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila mtu anapopanda meta 1,000, ule wa pwani huila akiba yake haraka zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya mchanga wa pwani kuwa na mboji kidogo. Waozeshaji wake hawapati msimu wa baridi wa kupumzika. Kinachowasimamisha ni ukame tu.

Kanuni hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo haifanani kwa makundi yote. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mwaka 1975 mtafiti Myers, aliyechunguza udongo wa kaskazini mwa Australia penye joto kama la pwani ya Tanzania, alionyesha kwamba utoaji wa amonia uliendelea kuongezeka hadi karibu nyuzi 50, lakini ugeuzaji wa amonia kuwa nitrati ulifikia kilele karibu na nyuzi 35, kisha ukapungua. Watafiti wengine walikwisha kuona kwamba vijidudu wa nchi za baridi hufikia kilele chao katika joto la chini kuliko wale wa nchi za joto. Kwa hiyo viumbe hawa huzoea mazingira yao, lakini mazoea hayo hayana nguvu ya kuvuka kila mpaka.

Maana yake ni hii: udongo ukipata joto la kupita kiasi, si kwamba kazi zote husimama pamoja. Baadhi husimama na nyingine huendelea. Amonia hutolewa lakini haigeuzwi. Hurundikana, na penye udongo mkavu usio na asidi sehemu yake huruka angani kama harufu. Katika mizizi ya kunde nako, vinundu hudhoofika joto la udongo linapokaa muda mrefu juu ya nyuzi 35, na karibu na nyuzi 40 mimea mingi ya jamii hiyo hushindwa kabisa kunasa nitrojeni.

Mtu anaweza kudhani kwamba udongo haufiki katika joto hilo. Akitembea pekupeku adhuhuri ya Januari juu ya mchanga usio na majani, atabadili mawazo. Uso wa mchanga mkavu uliopigwa na jua la tropiki waweza kuvuka nyuzi 50. Chini ya kivuli cha mkorosho au chini ya matandazo, uso huo huo hubaki karibu na joto la hewa. Na mtu akichimba hadi sentimeta 30, atakuta tofauti ya mchana na usiku imekwisha karibu yote. Basi tabaka la juu, ambalo ndilo lenye mboji nyingi na vijidudu wengi, ndilo linaloteswa zaidi na jua.

Kibiti: mvua ya kwanza

Kibiti iko kusini mwa Dar es Salaam, kwenye barabara iendayo Lindi na Mtwara. Ardhi yake ya juu ni ya kichanga, yenye mikorosho, minazi, mihogo, mahindi na kunde. Baada ya kiangazi mchanga huo huwa mkavu na wa moto. Vijidudu wengi hufa. Wengine hujifunga katika maganda magumu na kulala. Mboji nayo hukauka na kupasuka, ikawa rahisi kuliwa.

Mvua ya kwanza inaponyesha, waliosalia huamka wakiwa na chakula tele: miili ya wenzao waliokufa na mboji iliyolegea. Kwa siku chache pumzi za udongo huongezeka ghafula na nitrojeni nyingi hutolewa. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini hapa hapa Afrika Mashariki. Mwanakemia H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu lililohudumia nchi zote za Afrika Mashariki, alichapisha mwaka 1958 makala yaliyoonyesha kwamba kila udongo unapokaushwa na kuloweshwa tena, hutoa wimbi jipya la hewa ya ukaa na la nitrojeni. Mwaka 1960 alionyesha kwamba kadiri ukame unavyorefuka ndivyo wimbi linavyokuwa kubwa. Leo wanasayansi wa dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la Birch. Mwaka 1969 Semb na Robinson wakachapisha vipimo vya wimbi hilo katika mashamba na tabianchi mbalimbali za Afrika Mashariki.

Katika joto la pwani wimbi hilo huja kwa haraka na hupita kwa haraka. Udongo ukiwa na nyuzi 28 au 30 na unyevu wa kutosha, amonia haikai. Baada ya siku chache imekwisha kuwa nitrati. Na hapa pana hatari. Amonia iliyoyeyuka ina chaji chanya, nayo hushikwa na punje za mfinyanzi ambazo zina chaji hasi. Nitrati ina chaji hasi, kwa hiyo haishikwi. Katika mchanga, ambao hata mfinyanzi wake ni haba, mvua kubwa huisukuma nitrati chini, mbali na mizizi.

Sasa fumbo la mahindi ya manjano limefumbuliwa. Mhindi uliopandwa mapema hulikuta wimbi lingali juu, na mizizi yake hushuka pamoja na nitrati. Mhindi uliopandwa majuma matatu baadaye hukuta karamu imekwisha na mabaki yamezama. Joto halikuupunguzia udongo rutuba. Limeiharakisha tu, na mwenye kuchelewa ameikosa.

Bonde: mafuriko na mlau

Ukishuka kutoka mchangani kuelekea bonde la Rufiji, udongo hugeuka kuwa wa mfinyanzi na tope lililoletwa na mto. Humo wenyeji wamelima kwa vizazi vingi kwa namna mbili: mpunga wakati wa masika na mafuriko, kisha mlau, yaani mahindi, kunde, na zamani pamba pia, vinavyopandwa katika unyevu unaoachwa maji yanapoondoka.

Shamba linapofunikwa na maji, oksijeni huisha udongoni kwa muda mfupi. Joto huongeza uhaba huo kwa njia mbili. Kwanza, vijidudu hupumua haraka zaidi. Pili, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo zaidi: lita moja ya maji baridi ya mto yenye nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni, lakini katika nyuzi 30 hushika miligramu 7.5 tu. Mahitaji yamepanda na akiba imeshuka. Ndipo kundi la nne linaposhika kazi. Nitrati yote iliyomo hugeuzwa kuwa hewa ya nitrojeni, na sehemu kuwa nitrasi oksidi, hewa ambayo kila kilo yake huongeza joto la dunia karibu mara 270 kuliko kilo ya hewa ya ukaa katika muda wa miaka 100.

Kwa sababu hiyo mbolea ya chumvichumvi yenye nitrati haifai katika majaruba yaliyojaa maji. Inayofaa ni ile yenye amonia au yurea, na yafaa ifukiwe ndani ya tope pasipo na oksijeni, ambapo hubaki kuwa amonia. Yurea ikimwagwa juu ya udongo ulio moto na mnyevu, vimeng'enya huivunja upesi na amonia huruka kabla mpunga haujafaidika. Kuifukia sentimeta chache tu kwaweza kuokoa sehemu kubwa ya fedha ya mkulima.

Mlau nao una hekima yake. Wakati wa mafuriko amonia hujikusanya topeni kwa kuwa hakuna oksijeni ya kuigeuza. Maji yanapoondoka, karibu na mwezi wa Juni, hewa huingia taratibu na ugeuzaji huanza. Msimu huo ni wa ubaridi kiasi na hauna mvua kubwa. Kazi huenda kwa mwendo wa wastani, na nitrati inayotolewa haisukumwi chini. Hubaki palipo na mizizi. Mkulima wa Kibiti hushindana na wimbi. Mkulima wa mlau hupewa chakula kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

Delta: mikoko na kivuli chake

Mbele zaidi mto hugawanyika na kuingia baharini ukielekea kisiwa cha Mafia. Delta ya Rufiji ina hekta 53,000 hivi za mikoko, msitu mkubwa wa namna hiyo katika Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu. Humo mna mkoko, mchu, mkandaa, mkomafi, msikundazi na jamaa zao.

Tope la mikoko halina oksijeni ila katika uso wake mwembamba, kando ya mizizi na katika mashimo ya kaa. Bakteria wengine huvuta salfeti ya maji ya bahari na kutoa hewa yenye harufu ya yai viza. Hewa hiyo ni sumu kwa wale wanaotengeneza nitrati. Kwa hiyo amonia ndiyo nitrojeni kuu ya huko. Majani ya mikoko yanayoanguka yana nitrojeni kidogo sana, hivyo waozeshaji hulazimika kuichukua ile iliyomo majini ili wajenge miili yao. Na kidogo cha nitrati kinacholetwa na mto huliwa upesi na kundi la nne. Kwa njia hiyo msitu hufanya kazi ya chujio kati ya mashamba ya bonde na matumbawe ya Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995.

Chujio hilo hufanya kazi chini ya kivuli. Mikoko inapokatwa ili kupata majaruba ya mpunga, jua hulipiga tope moja kwa moja. Joto hupanda, hewa huingia, na mboji iliyohifadhiwa kwa miaka mingi huanza kuozeshwa kwa kasi. Mavuno ya kwanza huweza kuwa mazuri, kwa kuwa mpunga hula akiba ya msitu. Lakini akiba haijazwi tena. Zaidi ya hayo, salfaidi zilizokuwa zimelala topeni zikikutana na hewa hugeuka kuwa asidi ya salfa, na jua huvuta chumvi juu. Asidi na chumvi huwadhoofisha vijidudu na mimea pia. Ndiyo maana shamba lililofyekwa mikokoni mara nyingi huachwa baada ya miaka michache, na mkulima hutazama msitu mwingine. Mashamba ya wenyeji ni jambo la haki na la njaa, si la kubezwa; lakini yeyote anayepanga matumizi ya delta hana budi kujua kwamba rutuba ya mwanzo si kipimo cha rutuba ya kudumu.

Mto uliobadilika katika dunia yenye joto

Mambo mawili yanaongeza uzito wa suala hili. La kwanza ni bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Nchi inahitaji umeme huo. Hata hivyo kila bwawa kubwa hunasa tope, na tope ndilo lililokuwa likileta mboji na nitrojeni mpya bondeni. Namna maji yanavyofunguliwa, kwa wakati gani na kwa wingi gani, hugusa moja kwa moja kalenda ya mlau. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoharibu mashamba na makazi katika Rufiji na Kibiti, yalikumbusha pia kwamba mto haujafungwa wote.

La pili ni joto la dunia, ambalo katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilizidi lile la nusu ya pili ya karne ya 19 kwa nyuzi 1.1 hivi. Nyuzi moja ni ndogo kwa mtu, lakini kwa waozeshaji wasiopumzika mwaka mzima ni nyongeza ya karibu asilimia 7 ya mwendo wao. Na pale ambapo uso wa udongo umekwisha kufika kwenye mpaka wa uvumilivu, kila nyongeza huwaondoa wafanyakazi wengine kazini.

Mkulima hawezi kulipunguza jua, lakini aweza kuupunguzia udongo wake joto. Matandazo ya majani au makuti, kunde zinazotambaa kati ya mahindi, kivuli chepesi cha miti, kuacha kuchoma mabua, kupanda mapema, na kugawa mbolea mara mbili au tatu badala ya kuimwaga yote mara moja: yote hayo yana msingi mmoja, nao ni kuwaweka vijidudu katika joto linalowafaa na kuiweka nitrati mahali penye mizizi.

Jaribio la shuleni

Wanafunzi waweza kuona pumzi za udongo kwa vifaa vichache. Watwae chupa tano safi zenye midomo mipana na vifuniko. Katika chupa nne watie kiasi sawa cha udongo mkavu kutoka shamba moja. Chupa ya tano ibaki bila udongo. Udongo wa chupa ya kwanza na ya pili uloweshwe kidogo. Ule wa tatu ubaki mkavu. Ule wa nne ukaangwe kwanza katika sufuria kwa nusu saa, upoe, kisha uloweshwe kwa maji yaliyochemshwa. Ndani ya kila chupa iwekwe kikombe kidogo chenye maji safi ya chokaa, halafu kifuniko kikazwe. Chupa ya kwanza ikae katika beseni la maji ya baridi kivulini. Zilizobaki zikae mahali penye joto la nyuzi 30 hadi 35, mbali na jua kali.

Kwa siku tatu wanafunzi waandike joto na hali ya maji ya chokaa, wakilinganisha kila chupa na ile isiyo na udongo. Chupa ya pili itazamiwe kugeuka nyeupe kama maziwa kabla ya ya kwanza. Chupa ya tatu na ya nne zitachelewa, moja kwa kukosa maji na nyingine kwa kuwa wafanyakazi wake wengi wameuawa. Mwalimu awakumbushe kwamba kinachoonekana ni hewa ya ukaa, si nitrojeni yenyewe. Lakini vijidudu wale wale wanaopumua ndio wanaotoa amonia, kwa hiyo pumzi zao ni dalili ya kazi yao. Darasa lililoona jaribio hilo laweza kwenda shambani na kipimajoto, likapima uso wa udongo ulio wazi na ule uliotandazwa, kisha likajadili kwa hoja ni wapi mahindi yatapata chakula kwa muda mrefu zaidi.